Slaidi 94 za kipindi kimoja: kwa mwalimu anayeingia darasani chuo kikuu kwa mara ya kwanza

*"Shikamoo. Nilimaliza shahada ya uzamili mwaka jana na sasa nimeajiriwa hapa Mwanza kama mhadhiri msaidizi. Mkuu wa idara amenipa kozi ya Takwimu za Biashara, mwaka wa kwanza, wanafunzi kama 180, kila Jumatatu saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Nimebakiwa na wiki mbili. Aliyekuwa anaifundisha ameenda masomoni, na nilichoachiwa ni muhtasari wa kozi wa kurasa mbili. Nimeshaandaa slaidi 94 za kipindi cha kwanza lakini bado naona hazitoshi. Naogopa kuulizwa kitu nisichokijua. Nina miaka 27 na umbo langu ni dogo, na humo darasani kuna watu wazima waliotoka makazini, wengine umri wa baba yangu. Wenzangu wananishauri niingie na ukali, nisicheke mpaka mwezi uishe. Kiingereza changu cha kuandika ni kizuri ila kuongea saa mbili mfululizo sijawahi. Usiku silali vizuri. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mwalimu. Hongera kwa kazi, na pole kwa kukesha.

Umeuliza mambo mengi kwa mpigo: slaidi, umri, ukali, Kiingereza. Kwa jinsi ninavyousoma ujumbe wako, yote yanatoka kwenye hofu moja, ya kuumbuka mbele ya watu 180, na slaidi 94 ndiyo ngome uliyojijengea. Hebu tupige hesabu, maana wewe ni mtu wa takwimu. Saa 2 hadi saa 4 ni dakika 120. Toa za watu kuingia na kugombea viti, za kuhangaika na waya wa projekta, za CR (kiongozi wa darasa) kutangaza habari za usajili. Ukiwa na bahati unabaki na dakika 100. Kila slaidi inapata dakika moja na chenji. Wewe mwenyewe huwezi kujifunza dhana mpya kwa mwendo huo, sembuse mtu aliyeagana na hesabu kidato cha nne.

Mpaka sasa umekuwa ukijibu swali "nitasema nini?" Swali hilo halina mwisho, ndiyo maana slaidi hazitoshi na hazitatosha hata zikifika 200. Funga kompyuta, chukua karatasi, ujibu hili: saa 4 wakitoka mlangoni, watakuwa wanaweza kufanya nini ambacho saa 2 walikuwa hawakiwezi? Andika jambo moja, yasizidi mawili. Kwa Jumatatu ya kwanza ningeandika hivi: "Mwanafunzi akipewa orodha fupi ya namba za biashara, aweze kusema kama wastani unatosha kuzielezea au unapotosha, na atoe sababu." Basi. Slaidi yoyote kati ya zile 94 isiyosaidia hilo itoe. Usiifute, iweke pembeni, utaihitaji wiki nyingine. Sitashangaa ukibaki na nane.

Najua unachokifikiria: "Na muhtasari wa kozi je? Mada ni nyingi." Ni kweli, na una wajibu wa kuzigusa. Ila kumbuka kwamba kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi yako ikiwa na krediti 12, hizo ni saa 120, na ndani yake kuna kusoma peke yake, mazoezi, asaimenti na kujiandaa na mtihani. Si kila kitu kilichoandikwa kwenye muhtasari kinapaswa kupita mdomoni mwako. Yaliyo mepesi kusoma, kama historia ya takwimu na matumizi yake serikalini, wape wakasome. Yale ambayo mtu akiyasoma peke yake anakwama, ndiyo ya kufundisha darasani.

Sasa hofu ya kuulizwa usichokijua. Utaulizwa, mapema tu. Ingawa kwa mwaka wa kwanza swali utakalolisikia zaidi kuliko yote ni "Mwalimu, hii inatoka kwenye UE?", yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Likija swali gumu kweli, sema wazi kwamba huna uhakika, liandike kwenye pembe ya ubao wote walione, na Jumatatu inayofuata fungua kipindi kwa jibu lake. Ukifanya hivyo mara mbili tu, darasa litajua kwamba ukisema kitu umekihakiki. Kinachowaumbua wahadhiri wapya ni kubuni jibu papo hapo. Wanafunzi wana simu mkononi, watalipima kabla hujageuka ubaoni.

Kwa kweli hatari yako kubwa iko upande wa pili: unajua mno. Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwapa watu nyimbo zinazojulikana na wote, akawaambia wagonge mapigo yake mezani kwa vidole, wenzao wakisikiliza na kukisia ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya 120 zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, maneno na ala zake. Anayesikiliza anasikia ko, ko-ko, ko. Jaribu na mdogo wako leo jioni, utacheka. Halafu ufikirie fomula ya mchepuko sanifu ukutani. Wewe ukiitazama unaona maana: namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Aliyesoma HGL (historia, jiografia na lugha) kidato cha sita anaona mzizi, herufi ya Kigiriki na vijinamba vya chini, na moyo wake unarudi kidato cha nne, kwenye somo lililowaliza wengi. Aliyekaa jirani yake amesoma EGM au ECA, michepuo ya uchumi na hesabu, na anapiga miayo. Wote wawili ni wako.

Kwa hiyo anza na kitu ambacho hakuna asiyekiona. Kwa Mwanza huna haja ya kwenda mbali. Andika ubaoni: asubuhi mitumbwi saba imerudi mwaloni, na kilo za samaki ni 40, 45, 50, 50, 55, 60 na 400. Kisha: "Mtu anakuuzia mtumbwi. Anakuambia hapa mwaloni mtumbwi mmoja unaingiza wastani wa kilo 100 kwa siku. Amekudanganya?" Usieleze chochote. Wape dakika mbili waandike jibu na sababu kwenye daftari, kila mtu peke yake. Dakika tatu wabishane na wa jirani. Ndipo uombe mikono.

Muuzaji hajadanganya. Jumla ni 700, gawanya kwa 7, unapata 100 kamili. Lakini mitumbwi sita kati ya saba haijavuka hata kilo 60, na namba ya katikati ni 50, nusu ya ule wastani. Darasa litalipuka. Lazima atokee mmoja aulize huyo wa 400 alitumia nyavu gani, wacheke, na hapo amekufungulia mlango: namba iliyojitenga na wenzake unaifanyaje? Ni mvuvi mwenye injini kubwa? Ni mtumbwi uliokusanya wa wengine? Au karani aliandika 40 akaongeza sifuri? Kama ni sifuri ya bahati mbaya, wastani unashuka hadi 48.6, na biashara yote ya kununua mtumbwi inabadilika. Umeshafundisha wastani, namba ya katikati na ukaguzi wa data, bado hujaonyesha fomula hata moja. Sasa ionyeshe. Sasa ina kazi.

Siku ya sampuli, rudi hukohuko ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Waulize: mtafiti akienda kuhesabu mzigo kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba siku tatu tu, zote za mbalamwezi, ripoti yake itasema nini kuhusu mwezi mzima? Hutahitaji kufafanua upendeleo wa sampuli kwa aya ndefu, wataufafanua wenyewe.

Kwenye mtindo huu kuna mahali utakapotamani kukimbia, nikutahadharishe. Ni ule ukimya baada ya swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Ulikuwa kama sekunde moja, kisha mwalimu anajijibu au anamrukia mwingine. Walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa wakinyamaza walianza kusema. Sekunde tatu mbele ya watu 180 ni ndefu kuliko unavyodhani. Hesabu kimoyomoyo, tembea, kunywa maji. Usijijibu. Ukijijibu mara mbili wameshakusoma. Muhula mzima watakusubiri ujijibu.

Na lile swali letu pendwa, "Mmeelewa?", liache. Unalijua jibu lake, sote tumelijibu tangu chekechea kwa sauti ya kwaya: "Ndiyooo." Hakuna taarifa yoyote ndani yake. Asiyeelewa hawezi kujitenga na kwaya, na anayedhani ameelewa hajui kama amekosea. Badala yake wape mitumbwi mingine mitano yenye namba tofauti, waambie waandike namba ya katikati, halafu upite kati ya viti ukichungulia madaftari kumi. Kwa dakika mbili utajua kama uendelee au urudi nyuma.

Kwa nini nasisitiza waandike na kubishana badala ya kukusikiliza? Kumbukumbu hukomaa kwa kuitwa kichwani, si kwa kumiminiwa. Roediger na Karpicke walichapisha jaribio mwaka 2006: wanafunzi waliosoma maandishi kisha wakayarudia kuyasoma waliwashinda wenzao baada ya dakika tano. Baada ya wiki meza ikapinduka. Waliosoma mara moja wakajipima kwa kukumbuka bila kutazama ndio waliobaki na zaidi. Wanafunzi wako wakikesha vimbwetani wanapitia desa (notisi za kurithishana) kwa mara ya tano wanajidanganya kwa njia ileile, kwa sababu kila wakilisoma linazidi kuonekana la kawaida, na ukawaida unafanana sana na kuelewa. Kila Jumatatu fungua kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yakiwa yamefungwa, bila maksi. Dakika nane. Katika kila nitakachokwambia hapa, hicho ndicho cha bei rahisi kuliko vyote.

Utalalamikiwa, lakini. "Huyu hafundishi, anatufanyisha mazoezi tu." Usife moyo na usishangae. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walilinganisha madarasa ya fizikia: waliofanya mazoezi darasani walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu ule mwanafunzi anautafsiri kuwa hajaelewa. Waambie hivyo tangu wiki ya kwanza. Na mhadhara usiuzike kabisa. Dakika kumi au kumi na tano za maelezo mazuri baada ya wao kukwama zina thamani kubwa, kwa sababu sasa wana swali kichwani.

Hili linajibu nusu ya hofu yako ya Kiingereza. Hutaongea saa mbili mfululizo. Utaongea vipande vya dakika kumi, na Kiingereza cha darasani ni sentensi chache zinazojirudia: kutoa maelekezo, kuuliza sababu, kuunganisha mada na mada. Ziandike, zisome kwa sauti nyumbani mpaka zitoke bila kufikiria. Dakika tano za kwanza ziandike neno kwa neno, uzijue kwa moyo. Ukishazivuka, mapigo ya moyo yanashuka yenyewe.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na sitaki kukupa jibu la mkato. Mtihani wao ni wa Kiingereza na kanuni za chuo zinataka ufundishe kwa Kiingereza. Wakati huohuo wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na hubishana vizuri zaidi kwa Kiswahili. Mimi nashauri hivi: mabishano ya jirani kwa jirani yafanyike kwa lugha yoyote wanayoielewa. Dhana ikishakaa, wewe andika istilahi na fasili yake ya Kiingereza ubaoni, kisha kila mmoja amweleze mwenzake kwa Kiingereza, sentensi mbili. Usichokifanya ni kutafsiri kila sentensi unayosema. Wakishajua Kiswahili kinakuja, Kiingereza wanakiachia kipite tu, na siku ya UE ndicho kitakachokuwa kwenye karatasi. Angalia pia kama una wanafunzi kutoka nje ya nchi wasiokijua Kiswahili. Wakiwepo, wapange na mtu wa kuwatafsiria mabishano.

Kuhusu ukali nakupinga, au tuseme nawapinga wenzako. Wanafunzi hawampimi mwalimu mpya kwa ndita za usoni. Wanampima kwa vitu vya kuonekana: anaanza saa 2 au saa 2 na nusu? Testi alizoahidi kurudisha wiki ijayo zimerudi? Binti wa mkubwa fulani akichelewesha asaimenti anakatwa maksi kama mtoto wa mkulima wa Sengerema? Ukivisimamia hivyo unaweza kucheka kuanzia dakika ya kwanza. Ukali wa kuigiza una gharama yake pia: anayekuogopa hakuulizi, na asipokuuliza hujui alipokwama mpaka usahihishe UE, wakati huwezi tena kumsaidia. Weka kanuni tatu, ziseme siku ya kwanza, zisimamie bila kelele. Usiweke kumi, hutazikumbuka.

Wale watu wazima, nakuhakikishia wanakuogopa kuliko unavyowaogopa. Mtu ameacha kazi au ameomba ruhusa, ana watoto shuleni, na miaka ishirini hajashika kikokotoo. Jinamizi lake ni kuaibishwa mbele ya vijana. Kamwe usimwinue ghafla kwenda ubaoni. Mtumie kwa anachokijua: aliyekuwa afisa mikopo au karani wa halmashauri ameshika data za kweli, na mfano mmoja kutoka kwake unazidi mitano ya kitabuni. Ukimkuta nje, kwenye foleni ya mgahawa, msalimie shikamoo kama ungemsalimia mtu yeyote wa umri ule, haikupunguzii kitu. Ndani ya darasa anakuita mwalimu na kanuni ni zilezile.

Na hili hukuniuliza ila ni heri lisemwe mapema. Wanafunzi waone ofisini, saa zilizobandikwa mlangoni, mlango ukiwa wazi. Matangazo yapitie kwa CR na kundi la darasa, si ujumbe wa usiku kwa mtu mmoja mmoja. Zawadi kabla ya matokeo kutoka, rudisha kwa upole. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Mwanafunzi akikulalamikia kuhusu mhadhiri mwingine, usilifanye umbea wa korido. Mwelekeze kwenye dawati la jinsia au kwa mkuu wa wanafunzi.

Sasa mambo ya Mwanza yenyewe. Muhula ukianza Novemba, unaanza na mvua. Kama ukumbi wako una paa la bati, mvua ya ziwani ikishuka hata kipaza sauti hakikusaidii. Usishindane nayo. Kuwa na zoezi la kuandika, limechapwa au liko tayari kuandikwa ubaoni, la kufanya dakika ishirini bila wewe kusema neno. Zoezi hilohilo litakuokoa umeme ukikatika. Slaidi ziwe nyongeza. Kipindi chako kiweze kuendeshwa kwa chaki na ubao mtupu, na ukikiandaa hivyo utashangaa kinavyokuwa kizuri hata umeme ukiwepo. Mimi si mpenzi wa slaidi, utakuwa umeshagundua.

Jingine: wiki mbili za kwanza darasa halijatimia. Kuna wanaosubiri majina ya mkopo, wengine wako njiani kutoka Kigoma au Mara, wengine wanahangaika na ada. Ukiweka msingi wote wa kozi wiki ya kwanza, theluthi ya darasa inaweza kukwama muhula mzima kwa kosa la kukosa nauli. Mitumbwi saba irudie wiki ya tatu kwa sura nyingine, iwe mishahara ya wafanyakazi wa duka ukijumuisha ya mwenye duka.

Kabla ya slaidi nyingine yoyote, tunga testi ya kwanza. Ndiyo, kabla. Ukishaona swali utakalouliza utajua unachopaswa kufundisha, na utaona kama unafundisha kufikiri halafu unapima kukariri. Vyuo vingi vinagawa 40 za koswaki (testi na kazi za muhula) na 60 za UE, ila soma kanuni za chuo chako, usichukue maneno ya mtu. Halafu piga hesabu ya usahihishaji. Karatasi 180 kwa dakika 10 kila moja ni saa 30. Testi mbili za namna hiyo na asaimenti ya mtu mmoja mmoja vitakumaliza. Ya kuandika ndefu ifanye ya makundi ya watu sita. Karatasi 30 unazimudu hata ukizipa dakika 20 kila moja. Kazi iwe ya kukusanya namba wenyewe: nauli na muda wa kusubiri daladala Buhongwa, bei za sangara na sato katika masoko mawili siku tofauti. Data hizo hazipo kwenye desa la mwaka jana, na programu ya akili mnemba haiwezi kwenda sokoni kuuliza bei. Ili wasibebane, siku ya kukusanya chagua mtu mmoja kwa bahati nasibu kila kundi akueleze walivyozipata.

Tuje kwenye usingizi. Kutolala vizuri wiki mbili kabla ya jambo kama hili ni kawaida. Mwili unajiandaa kwa mapambano, na hofu nyingi hushuka baada ya vipindi viwili vitatu. Lala badala ya kuongeza slaidi ya 95. Lakini ukiona muhula umeshika kasi na bado unakosa usingizi siku nyingi, moyo unakwenda mbio bila sababu, unatapika Jumatatu asubuhi au unafikiria kuacha kila kitu, hilo si la kuandikiwa barua. Nenda kituo cha afya au kwa mshauri wa chuo, ukazungumze ana kwa ana. Kutoka hapo wanaweza kukupa rufaa hadi hospitali ya Bugando. Na koo: darasa la watu 180 bila kipaza sauti linaumiza. Dai kipaza sauti kwa maandishi, kunywa maji, usifokee kelele. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa koo.

Kuna mengine ambayo siwezi kukusaidia kutoka hapa. Wiki hii nenda idarani uombe mitihani ya kozi hii ya miaka mitatu iliyopita na maoni ya watahini wa nje, uone wanafunzi hukosea wapi. Mpigie simu aliyeenda masomoni, nusu saa tu, umuulize mada ipi ilimgomea. Ijumaa jioni ingia ukumbini ukiwa peke yako, andika ubaoni, kisha nenda kakae kiti cha mwisho nyuma uone kama maandishi yanasomeka. Na sasa hivi, kabla hujaanza, mwombe mhadhiri mmoja unayemwamini aje wiki ya tatu akae nyuma kwa saa moja. Usimwambie akupe maoni ya jumla, atakuambia umefanya vizuri. Mpe karatasi na kazi mbili: aandike ulisubiri sekunde ngapi baada ya kila swali, na wanafunzi wangapi tofauti walifungua mdomo. Ukishazipata hizo namba, niandikie tena.